Ignasi Tluway, Tarishi Aliyesoma Matangazo kwa Sauti

Tarehe 30 Juni, 2014, Ndugu Ignasi Tluway anatimiza miaka sitini ya umri, na miaka ishirini na minane na miezi mitatu ya utumishi katika kituo chetu cha elimu ya watu wazima hapa Katesh. Siku hiyo hiyo anastaafu. Barua yake ya ajira inasema yeye ni Mhudumu wa Ofisi na Tarishi, na barua ya kustaafu inasema hivyo hivyo. Aliingia tarishi, anatoka tarishi. Wenzake tumekubaliana kwamba katika jarida hili aandikiwe kurasa nyingi kuliko mkuu wa kituo yeyote aliyewahi kutuaga, na mkuu wa sasa ameridhia bila kununa.

Kazi ya kuandika nimepewa mimi. Niliikubali haraka kabla mwingine hajainua mkono, kwa sababu ipo habari moja ya mwaka 2005 ambayo mtu mwingine angeisimulia kwa kunionea huruma. Nitaifikia.

Ndugu Tluway alizaliwa Gitting mwaka 1954, mtoto wa nne wa familia ya wakulima wa ngano na maharage waliokuwa na ng'ombe wachache wa maziwa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Nyumbani walizungumza Kiiraqw, shuleni alijifunza Kiswahili, na Kibarbaigi alikipata malishoni kwa sababu ng'ombe wa majirani walichanganyika na wa kwao, na mtu hawezi kugombania ndama kwa lugha asiyoijua. Kiingereza, husema mwenyewe, anakijua kile cha kwenye bahasha tu.

Aliajiriwa tarehe 1 Aprili, 1986. Kituo kilikuwa na watumishi kumi na mmoja, na karibu kila kijiji kilikuwa na darasa la kisomo. Watu walilitania kwa kuliita darasa la ngumbaru, lakini walikwenda. Ndugu Tluway alikabidhiwa baiskeli, mfuko wa turubai na daftari la kukabidhi barua, lile ambalo mpokeaji hutia sahihi kuonyesha kwamba kilichotumwa kimefika. Daftari hizo tunazo zote kabatini. Ukizifungua utaona sahihi za watendaji wa Gendabi, Masakta na Gitting wa miaka ya nyuma kabisa, nyingine zimelowa mvua, na moja ina alama ya jino la ng'ombe ambayo maelezo yake hubadilika kila anapoulizwa.

Kisha zikaja nyakati za soko huria. Kila kitu kikawa cha kuchangia. Vitabu vya kisomo vikaacha kuletwa, walimu wa kujitolea wakaacha kujitolea, na madarasa yakafungwa moja baada ya jingine. Mwaka 1996 watumishi walipunguzwa, na kati ya wale kumi na mmoja wakabaki wanne. Jina la Ignasi Tluway lilikuwa katika orodha ya wanaoondoka. Likafutwa dakika za mwisho, baada ya mtu mmoja kwenye kikao kuuliza ni nani kati ya wanaobaki anayejua njia ya kufika Masakta wakati wa masika. Kimya kilichofuata ndicho kilichomrudisha kazini. Tangu hapo akawa tarishi, mfagizi, mlinzi wa mchana, mpika chai na mpiga chapa wa vidole viwili.

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, barua zilizokuwa zinakwenda Arusha zikaanza kwenda Babati. Tulimuuliza anauonaje mkoa mpya. Akasema faida anaiona: majibu yanarudi wakati bado unakumbuka uliuliza nini.

Mimi nilifika Februari 2004, nikiwa na miaka ishirini na sita, stashahada yangu ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki ili isikunjike. Mtu wa kwanza kuonana naye alikuwa mzee mmoja mrefu anayefagia veranda. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaegemeza ufagio, akanionyesha ofisi ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima, yaani ofisi yangu. Kumbe alikuwa ameshapika chai. Huyo ndiye Ndugu Tluway; wote walimwita Baba Hhando, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nami nikamwita hivyo.

Mwaka ule ndipo sera ya taifa ya wazee ilipotufikia, kijitabu chembamba ambacho wengi walikiweka kabatini. Kituo kilitakiwa kupanga utekelezaji wake upande wa elimu: wazee wafunguliwe madarasa upya, wajue kusoma, na waelezwe sera inasema nini juu yao. Kazi hiyo nilipewa mimi, na niliipenda. Nilipanga kuanza na Gendabi, halafu Masakta, halafu Gitting. Nikaandika tangazo zuri. Lilisema kwamba wazee wote wenye umri wa miaka sitini na zaidi wasiojua kusoma na kuandika wanatangaziwa kuhudhuria darasa katika shule ya msingi kila Jumatatu saa nane mchana, kuanzia tarehe 6 Juni, 2005. Baba Hhando akalipiga chapa, akalipeleka kwa baiskeli, na mtendaji akalibandika kwenye ubao wa matangazo.

Jumatatu ya kwanza nilikwenda Gendabi mwenyewe. Alikuja mtu mmoja. Alikuwa Mzee Alfredi, karani mstaafu wa ushirika, amevaa koti na miwani. Alikaa dawati la mbele, akanisubiri nimalize kujitambulisha, kisha akaniambia kwa adabu kwamba katika tangazo langu kuna makosa mawili ya tahajia. Jumatatu ya pili alikuja tena yeye, kuniuliza kama nimeyasahihisha. Jumatatu ya tatu hakuja mtu.

Nilirudi ofisini nimechafuka vumbi na roho imechafuka zaidi. Baba Hhando aliniletea chai, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," alisema, "naomba kusema kitu kuhusu lile tangazo."

"Sema, Baba Hhando."

"Linawaita wasiojua kusoma. Na linawaita kwa maandishi."

Ningecheka, tungemaliza. Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa na stashahada, na nilikuwa nimechoka. Nilimjibu kwamba kazi ya tarishi ni kufikisha barua, na kwamba mambo ya kitaalamu yana wenyewe. Akasema sawa, mwalimu, akachukua kikombe.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba alikuwa anakisoma kile kijitabu cha sera wakati wa mapumziko ya mchana, ukurasa kwa ukurasa. Na kuanzia juma lile, kila alipopeleka barua za kawaida, alibeba nakala ya tangazo mfukoni na kulisoma kwa sauti mahali watu walipo. Alilisoma kwenye josho wakati ng'ombe wanasubiri zamu. Alilisoma nje ya kanisa baada ya ibada, kwa ruhusa ya katekista. Alilisoma mnadani, Kiswahili kwanza, kisha Kiiraqw, kisha Kibarbaigi. Zaidi ya yote alilisoma kwenye mashine ya kusaga ya Bwana Seifu pale Gendabi. Seifu ni wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh, na mashine yake ndiyo mahali ambapo mkulima na mfugaji walikaa benchi moja kusubiri unga bila kuulizana ng'ombe wa nani aliingia shamba la nani. Seifu alizima injini ili Baba Hhando asikike. Baadaye alinieleza kwamba tangu anunue mashine ile hajawahi kuizimia mtu yeyote isipokuwa fundi.

Baba Hhando alikuwa na desturi moja. Akishasoma hakuuliza kama wameelewa. Alimchagua mtu mmoja na kumwambia, "Haya, mama, ukifika nyumbani utamwambia mzee nimesema nini?" Yule mama akieleza vibaya, Baba Hhando alisoma tena, na lawama alijitwika mwenyewe.

Mwezi Julai, Gendabi walikuja wazee thelathini na saba. Shule haikuwa na nafasi saa zile, wala wao hawakuitaka. Walitaka darasa liwe Alhamisi asubuhi ukutani kwa Seifu, kwa kuwa ndiyo siku ya kusaga. Niliandika katika ripoti yangu kwamba tangazo limezaa matunda. Sikuandika ni la nani.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Kati ya wale thelathini na saba alikuwemo Bibi Verediana, mjane wa Gendabi mwenye umri ambao hata yeye hakuujua. Alikuwa amemsikia Baba Hhando akisoma kwamba sera inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Mwezi Agosti magoti yaliyokuwa yakimuuma yakazidi. Alitembea asubuhi nzima hadi kwenye zahanati moja, akapanga foleni, na alipofika mbele akaombwa uthibitisho wa umri. Hakuwa na karatasi yoyote. Akasema, "Tarishi alituambia." Mhudumu akamjibu, kwa haki kabisa, kwamba bila barua ya kijiji hawezi kujua nani ana miaka sitini na nani ana hamsini na tano. Bibi Verediana akarudi nyumbani kwa miguu ile ile aliyokuwa amekwenda kuitibia.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwenye mashine, hakukaa. Aliwaambia wenzake kwamba darasa lile ni uongo wa kuwakusanya wazee kama mbuzi wa kuhesabiwa, na kwamba yeye amesimamishwa mbele ya vijana akaonekana mwongo uzeeni. Juma lile walibaki wanafunzi tisa.

Habari iliponifikia nilipandwa na hasira ambayo leo naiita kwa jina lake: ilikuwa hofu. Sera ilikuwa mikononi mwangu na ilikuwa inavunjika. Tarehe 13 Septemba niliandika barua ya siri kwenda kwa mkuu wetu wa wakati ule, Mzee Nicodemo, aliyekuwa kwenye kikao cha siku tatu mjini upande wa pili. Nilieleza kwamba tarishi anatangaza sera bila mamlaka na amepotosha wananchi, na nikaomba aondolewe kazi za vijijini. Kwa kuwa nilitaka kila kitu kiwe sahihi, asubuhi ile nilimwita Baba Hhando na kumuuliza jina lake la ukoo linaandikwaje.

"T, halafu l, mwalimu," alinijibu. "Wengi huisahau l."

Nikaandika, nikafunga bahasha, nikaigonga muhuri. Kituo kilikuwa na tarishi mmoja tu. Nikampa aipeleke.

Aliipeleka. Katika daftari la mwaka ule, mstari wa tarehe 13 Septemba, ipo sahihi ya Mzee Nicodemo na saa ya kupokea: saa nne na dakika kumi. Niliitoa saa nne kasoro dakika kumi. Hakusimama popote njiani.

Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumezoeana kama baba na mwanawe, nilimuuliza kama alijua ndani kuna nini. Akasema alijua tangu nilipouliza herufi za jina lake, kwa kuwa mtu haulizwi jina kamili kwa jambo jema kabla ya saa nne asubuhi. Nikamuuliza kwa nini basi hakuichelewesha hata siku moja ili ajieleze kwanza.

"Ilikuwa barua ya kazi," alisema. "Ningechelewesha hiyo, zile nyingine zote nilizopeleka zingekuwa na maana gani?"

Mzee Nicodemo alituita wote wawili. Nilieleza upande wangu, kwa urefu. Kisha akamgeukia Baba Hhando, naye akasema maneno machache ambayo sijayasahau. Alisema kijitabu amekisoma chote na hakuongeza neno, lakini kosa ni lake. Aliwasomea wazee kile wanachostahili, hakuwasomea mlango wanaopaswa kupitia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa ameuliza mlango uko wapi. "Nimemtembeza mama wa watu bure," alisema. "Naomba nikamwambie mwenyewe, kabla sijaandikiwa barua ya onyo."

Barua ya onyo aliandikiwa. Ipo kwenye faili lake, ni moja tu kwa miaka yote. Mzee Nicodemo alitumia kalamu ile ile kuniandikia mimi maelekezo: siku ya pili nifuatane na tarishi hadi Gendabi. Nilitaka kujua nakwenda kama nani. Akasema niende kama mwandishi wa tangazo.

Tulimkuta Bibi Verediana nyumbani kwake anapepeta maharage. Baba Hhando alivua kofia, akatoa shikamoo. Haikuitikiwa. Ungo uliendelea kwenda. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa jambo hilo lina uzito gani huku kwetu. Akatoa shikamoo ya pili. Makapi yakapeperuka mbele yetu. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Akatoa ya tatu, kwa sauti ile ile, bila kuipandisha wala kuinyenyekeza.

"Marahaba," alisema bibi. "Kaeni. Lakini msiniletee habari ya serikali."

"Sikuja na habari, mama. Nimekuja na kosa langu."

Akamweleza kama alivyoeleza ofisini, kwa Kiiraqw, bila kunitaja mimi. Nilielewa nusu. Bibi Verediana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: hiyo barua ya kijiji inahitaji nini? Inahitaji mwaka wa kuzaliwa, Baba Hhando akasema. Basi haipatikani, bibi akasema, kwa kuwa aliyekuwa anaujua ni mama yake.

Wakaanza kuutafuta. Nilifungua daftari langu na kuandika, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya maana ya kwanza niliyoifanya wilayani Hanang. Watu walipohamishiwa vijijini, mjukuu wake wa kwanza alikuwa anatambaa. Uhuru ulipopatikana, mtoto wake wa tatu alikuwa anachunga ndama. Nzige walipokula mashamba yote alipokuwa msichana, alikuwa ameshaweza kubeba mtungi wa maji kichwani bila kuushika. Tulipanda na kushuka miaka hiyo mpaka jua likahama, tukakubaliana juu ya mwaka 1934. Bibi Verediana akaweka ungo chini. Akasema, "Kumbe nina miaka sabini na moja. Ndiyo maana nimechoka." Akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu tufike nilivuta pumzi.

Mtendaji wa kijiji aliijaza barua siku ile ile. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya mhusika, na mtendaji akasogeza kidau cha wino wa dole gumba. Bibi Verediana akaurudisha mkono wake mfukoni. Alisema mara hii hatatoa kidole. Alisimamishwa mbele ya watu kwa kuwa hakuwa na maandishi, basi atakwenda tena akiwa na maandishi, na yawe ya mkono wake. Mtendaji akamwambia barua inaweza kuondoka leo. Akajibu kwamba magoti yake yameuma miaka minne, yatavumilia.

Ikabidi tumfundishe. Jina lake lina herufi tisa, na alikataa katakata kulifupisha. Jirani yake, Mama Eva, ambaye jina lake la ubatizo lina herufi tatu tu, alianza siku ile ile. Kabla ya jua kuzama alikuwa amemaliza jina lake lote, akaenda zake kukamua, na bibi alilalamika kwamba wazazi wengine waliwafikiria watoto wao mapema. Yeye alichukua majuma sita. Baba Hhando alipita kila Alhamisi, akainama nyuma yake, na kila herufi mpya aliisindikiza kwa jina la kitu cha pale pale. V ilikuwa pembe za ng'ombe. D ilikuwa mzinga wa nyuki uliokatwa. R ilisumbua kuliko zote, haikupata kitu chochote cha kufanana nacho, na mpaka leo ya Bibi Verediana inaonekana kama mtu anayeanza kukimbia.

Mwishoni mwa Oktoba alitia sahihi. Tulikwenda naye zahanati, mimi nikiwa nyuma ya pikipiki ya kuazima, yeye kwenye gari la Seifu lililokuwa linapeleka unga, na Baba Hhando kwa baiskeli yake, akiwa ametangulia alfajiri. Foleni ilikuwa ile ile na mhudumu alikuwa yule yule. Aliisoma barua, akatazama sahihi, akamtazama bibi.

"Umeandika mwenyewe, bibi?"

"Unataka nirudie hapa mbele yako?"

Akampa kalamu. Watu kwenye benchi walisogea kutazama. Alirudia herufi zote tisa nyuma ya kadi, polepole, na mhudumu akasubiri mpaka mwisho. Kisha akampa shikamoo, akampeleka kwa daktari. Alitibiwa. Hakulipa kitu.

Nilitoka nje kwa sababu macho yalikuwa yamenijaa. Baba Hhando alikuwa amekaa kwenye ngazi, anapaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Nilimwomba radhi pale. Alisema, "Mwalimu, andika tangazo jingine. Mara hii tuandike na mlango." Tukaliandika juma lile, tukiwa tumekaa meza moja, na kabla ya kulipiga chapa tukalisoma kwa sauti kwenye mashine, mpaka wazee wakaacha kuuliza maswali. Darasa la Gendabi lilifika wanafunzi arobaini na sita. Masakta ikafuata mwaka uliofuata, na Gitting baada yake. Mzee Alfredi, karani mstaafu, akawa mwalimu msaidizi, upande wa tahajia.

Kwa miaka tisa iliyofuata hakuna tangazo lililotoka katika kituo hiki bila kupita mdomoni mwa Ignasi Tluway. Maafisa wapya walishangaa kuambiwa wamsomee tarishi rasimu zao kwa sauti. Sentensi ikimpotea katikati, hakusema ni mbaya. Alisema, "Hii haitavuka mto." Tukaikata.

Simu za mkononi zilipoenea, mmoja wetu, na safari hii sikuwa mimi, alishauri tuache safari na tutume ujumbe mfupi kwa wenyeviti wote. Tulituma. Baba Hhando alisubiri siku nne, kisha akazunguka na baiskeli kuulizia. Ujumbe ulikuwa umefika kote, alisema, na kote ulikuwa umelala ndani ya simu. Tukaafikiana kwamba simu ibebe tarehe, yeye abebe maneno.

Hakukosa mapungufu. Chai yake ina sukari ya kutosha watu wawili. Hajawahi kukubali kwamba baiskeli ile imekufa, ingawa kilichobaki cha mwaka 1986 ni kengele peke yake. Na ana tabia ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa mahali popote, pamoja na karatasi za dawa za watu wengine, jambo ambalo limewahi kuleta mtafaruku ndani ya basi la Babati.

Katika juma la kuaga, Alhamisi ya tarehe 19 Juni, alikwenda Gendabi kulikabidhi darasa kwa tarishi anayempokea. Tulimwandalia hotuba fupi, na Seifu alikuwa ameahidi kuzima mashine. Alichelewa njiani kwa pancha. Alipofika, Seifu alishazima, wazee walishakaa, na hakuna aliyekuwa anamsubiri. Walikuwa na barua mpya kutoka wilayani kuhusu vitambulisho vya wazee. Bibi Verediana, ambaye sasa ana miaka themanini, alikuwa ameishika karibu na uso wake anasoma, na Mama Eva alikuwa anambishia kwamba pale pameandikwa "watapatiwa" wala si "wamepatiwa," na kati ya maneno hayo mawili kuna mwaka mzima wa kusubiri. Benchi zima lilikuwa limegawanyika.

Mimi nilikuwa nao ndani ya banda la mashine na nilimwona kupitia dirisha. Aliegemeza baiskeli ukutani, akasimama, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza baiskeli taratibu, akiwa ameishika kengele isilie, akaanza kurudi Katesh. Hotuba imebaki mfukoni mwangu.

Kesho yake ofisini nilimuuliza kwa nini hakuingia.

"Walikuwa wanasoma," alisema.

Baba Hhando, wenzako tunakushukuru. Umetubebea barua kwa miaka ishirini na minane, ukatubebea na aibu zetu bila kuzifungua. Nenda Gitting ukalime ngano yako na Mama Hhando, mvua ije kwa wakati, magoti yakae imara, na wajukuu wakusomee wewe sasa. Maisha yako mbele yawe mema kama ulivyoyafanya ya wengine. Shikamoo.

Violeth Modest
Afisa wa Elimu ya Watu Wazima, kwa niaba ya watumishi wote wa kituo